Wafuasi 640 na Maoni Mawili: Ukurasa wa Zabibu Kavu Utakuaje?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninaishi Ipagala hapa Dodoma, na ninatengeneza zabibu kavu na jemu ya zabibu. Nina ukurasa wa Instagram wenye wafuasi 640 baada ya mwaka mmoja na nusu. Kila siku ninaposti picha ya bidhaa na namba ya simu, napata laiki tano au sita, nyingi za ndugu zangu. Chapisho la wiki iliyopita lilifikia watu 190, likapata maoni mawili, yote mawili yakiuliza bei. Niliwajibu waje inboksi, hawakuja. Mwezi uliopita mteja mmoja aliandika kwamba amekuta mchanga kwenye zabibu zangu, nikayafuta maoni yake nisije nikaharibiwa biashara. Sasa kuna kijana ananiambia kwa shilingi 60,000 ataniletea wafuasi 10,000, na wifi yangu anasema hela hiyo ni bora nilipie tangazo. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nakushukuru kwa kuandika kwa uwazi, hasa hapo kwenye mchanga ambapo wengine wangepaficha, kwa sababu sehemu hiyo ina jibu la swali lako kuliko nyingine zote. Niseme moja kwa moja: usinunue wafuasi, na tangazo la kulipia lisubiri kidogo. Kinachopungua kwenye ukurasa wako ni mazungumzo, na hao watu 640 ulio nao wanatosha kabisa kuyaanzisha.

Nianze na wale 10,000, maana kijana huyo huenda anasubiri jibu. Zamani Instagram ilikuwa inapanga machapisho kwa kufuata saa yalipowekwa, la karibuni likawa juu. Tangu mwaka 2016 haifanyi hivyo. Programu yenyewe inakisia kila mtu angependa kuona nini, na inakisia kwa kutazama watu wanavyolipokea kila chapisho. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amelieleza jambo hili hadharani zaidi ya mara moja, na mwezi Januari 2025 alitaja dalili tatu ambazo zina uzito mkubwa: muda ambao mtu anatumia kutazama, laiki, na mara ambazo mtu anamtumia mwenzake kile alichokiona. Sasa jiulize, katika wafuasi 10,000 wa kununua, ni nani atakayesimama kutazama zabibu zako? Nani atamtumia dada yake aliyeko Kisasa na kumwambia, "Hizi ndizo nilizokuambia"? Akaunti hizo nyingi hazina mtu nyuma yake, na zile zenye mtu ni za watu wasiojua hata Ipagala iko upande gani wa dunia. Kila chapisho lako litakapopelekwa kwa hao na likapita bila kuguswa, programu itajifunza kwamba wafuasi wako hawakujali, na wale wachache halisi wanaokujali watazidi kukuona kwa nadra.

Isitoshe, mwezi Novemba 2018 Instagram ilitangaza kwamba inaziondoa laiki, ufuasi na maoni ya bandia yanayotokana na programu za watu wa nje, na usafishaji wa namna hiyo umeendelea tangu hapo. Kwa hiyo unaweza kulipa leo na mwezi ujao ukakuta namba imeporomoka. Tena, kijana huyo akikuomba nenosiri la akaunti yako ili "aingize" watu, jua kwamba unamkabidhi funguo za duka.

Lakini sababu inayonigusa mimi zaidi ni mteja wako mwenyewe. Mtu anayenunua mtandaoni Tanzania anaishi na hofu moja kubwa, nayo ni kutapeliwa. Anajua mtu aliyetuma hela kwa namba fulani na mzigo haukufika. Mtumishi wa pale Mji wa Serikali, Mtumba, akifungua ukurasa wako mara ya kwanza, hatatazama picha peke yake. Atashuka kwenye maoni kuangalia kama kuna binadamu wanaozungumza humo. Akikuta wafuasi 10,640 na laiki sita, hatafikiri kwamba biashara ni kubwa. Atafunga na kuondoka. Ukurasa wa wafuasi 640 ambamo watu ishirini wanaulizana na kujibiwa kwa majina unamtuliza moyo kuliko huo mwingine.

Nami niliwahi kukosea katika jambo linalofanana na hili, ingawa halikuwa la kununua. Mwaka 2019 nilimsaidia jamaa yangu aliyekuwa akiuza mafuta ya alizeti kutoka Singida. Tukatangaza kwamba atakayewataja rafiki watano kwenye maoni na kulisambaza chapisho atashindania dumu la lita 20. Wafuasi waliongezeka kwa siku chache kuliko walivyoongezeka mwaka mzima, tukafurahi sana. Dumu lilipopata mwenyewe, kimya kikatanda. Wale watu walikuja kwa ajili ya dumu, wengi wao wakiishi mikoa ambako hatukuweza hata kuwapelekea mzigo, na machapisho yaliyofuata yakawa yanapokelewa vibaya kuliko kabla ya shindano. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Facebook ilishatangaza tangu Desemba 2017 kuwa inayashusha machapisho yanayomwomba mtu laiki, kutaja rafiki au kusambaza ili mradi tu namba zipande. Nasikitika kwamba nilimpotezea jamaa yangu miezi kadhaa. (Na ukifikiria bahati nasibu ya aina yoyote, fahamu kwamba michezo ya namna hiyo ina msimamizi wake kisheria, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo uliza kwanza.)

Sasa twende kwenye yale maoni mawili. Watu wawili walisimamisha shughuli zao, wakaandika kwa vidole vyao wakiuliza bei. Hao si wapita njia. Mtu haulizi bei ya kitu asichokitaka. Nawe ukawajibu kama wanavyojibu wafanyabiashara wengi wa mtandaoni nchini: "Njoo inboksi." Najua kwa nini tunafanya hivyo. Tunaogopa mshindani ataiona bei na kushusha yake, au tunataka nafasi ya kumwuzia huyu kwa bei hii na yule kwa bei ile. Lakini mteja anaposoma "njoo inboksi" anasikia maneno mengine kabisa: nikupime kwanza, nione una uwezo gani, ndipo nikutajie. Fikiria muuzaji wa Soko la Majengo ambaye ukimwuliza bei ya nyanya anakuvuta pembeni ili akunong'oneze. Ungeondoka, na wote waliosikia wangeondoka pamoja nawe.

Hilo la waliosikia ndilo zito zaidi. Chapisho lako lilifikia watu 190 na wawili wakaandika. Wale 188 waliobaki hawakuwa wote wamepuuza. Wamo waliotaka kujua bei wakaona haya kuuliza, wakatazama jibu ulilowapa wenzao, na hawakukuta kitu. Ukijibu hadharani unawajibu wao pia, leo na miezi sita ijayo, kwa sababu maoni hayaondoki.

Nikuonyeshe ninavyomaanisha. Tuseme robo kilo unaiuza shilingi 5,000. Wewe utaweka bei yako halisi. Mteja ameandika neno moja, "Bei?" Badala ya inboksi, andika hivi: "Karibu sana, dada Neema. Pakiti ya robo kilo ni 5,000 na ya nusu kilo ni 9,500. Nipo Ipagala, na kwa walio mjini namtuma bodaboda, nauli inategemea ulipo. Je, unazitaka za kupikia pilau au za kutafuna? Za kutafuna nazichambua vikonyo zaidi." Angalia yaliyomo kwenye jibu hilo. Umemtaja kwa jina lililo kwenye akaunti yake, umetaja bei bila kuzunguka, umesema ulipo, na ukamaliza kwa swali ambalo analo jibu lake tayari, wala halimlazimishi kununua. Akijibu "za pilau", mmeshaanza kuzungumza, na aliyekuwa akisoma kimya ataingia kuuliza kama zina mbegu. Hapo ndipo oda inapohamia inboksi kwa sababu ya maana: namba ya simu, mtaa, malipo. Mambo hayo ya siri ya mteja ndiyo yenye haki ya kwenda pembeni, na bei haimo miongoni mwake.

Kuna atakayeandika, "Mbona ghali?" Usikasirike, wala usimjibu kwamba ubora una gharama, maneno hayo kila muuzaji anayasema. Wewe una jibu ambalo wengi hawana. Zabibu mbichi zikikauka hupoteza maji mengi, kiasi kwamba kwa kawaida inahitajika takribani kilo nne za mbichi kupata kilo moja ya kavu. Chukua mzani wako, weka kilo nne za vichala vibichi juu yake, upige video namba ikisomeka. Zianike. Zikikauka, rudisha zilezile kwenye mzani uleule, upige tena. Video mbili fupi zikiungwa zitamweleza mtu bei yako kwa sekunde 20 kuliko aya tatu za utetezi, naye atamtumia mwenzake kwa kuwa hakuwahi kulijua jambo hilo. Kule kutumiana ndiko nilikokutajia pale juu.

Nimesema jina la mtu na sijakosea. Katika mji wetu watu wanasalimiana kabla ya biashara, na mtandaoni tumelisahau jambo hilo haraka mno. Mtu akiandika "shikamoo" kwenye ukurasa wa duka, hukuta amebandikiwa orodha ya bidhaa. Mjibu salamu kwanza. Ukianza chapisho la asubuhi kwa "Mbukwenyi", Wagogo walioko Dodoma, na wale walioko mbali wanaokumbuka nyumbani, watakuitikia kwa sababu salamu haiachwi hewani. Na hao walioko mbali ndio wanaoagiza zabibu za kwao ziwafuate kwa basi. Hili nalisema kwa sharti moja, kwamba uwe unasalimia kweli na kurudi kuwajibu. Salamu iliyotupwa kama chambo watu wanaitambua.

Sasa mchanga.

Naomba unisikilize vizuri hapa. Ulipoyafuta maoni yale ulidhani umeizima habari. Ulichokizima ni sehemu uliyokuwa na uwezo wa kuizungumzia. Mteja yule bado ana pakiti yake, bado ana simu, na sasa ana neno la kuongeza: "Nimewaambia, wakanifuta." Hilo atalisema kwenye makundi ya WhatsApp ambako huwezi kufika kujibu. Aidha, mtu yeyote wa Dodoma anajua upepo wa kiangazi unavyobeba vumbi. Hakuna atakayeshangaa kwamba vumbi limefika kwenye chekeche za kuanikia za muuzaji wa Ipagala. Watakachokitazama ni muuzaji amefanya nini baada ya kuambiwa.

Jibu la malalamiko liwe na mambo matatu ndani yake, na yakae kwa mpangilio huo: kukubali bila kujitetea, kusema utamfanyia nini yeye, na kusema umebadilisha nini ili wengine yasiwapate. Kwa mfano: "Pole sana, kaka, na asante kwa kuniambia. Mchanga kwenye chakula haukubaliki. Leo nakuletea pakiti nyingine bila malipo, na ukipenda nikurudishie hela yako, niambie tu. Nimechunguza nikaona turubai la upande wa barabara lilikuwa limelegea. Sasa chekeche zote nimezifunika kwa neti na ninaziosha zabibu mara tatu kabla ya kuanika." Usiandike kwamba umefanya jambo ambalo hujalifanya. Kama neti huna, nunua neti kwanza, na hapo ndipo sehemu ya ile 60,000 inapopata kazi ya maana.

Kisha, siku mbili tatu baadaye, onyesha. Piga video ya beseni la kwanza la maji, yakiwa na rangi ya vumbi kabisa, la pili vumbi likiwa limepungua, la tatu maji yakiwa meupe. Sogeza simu karibu ili mtu aone punje zinavyozunguka chini ya mkono wako na vikonyo vinavyoelea. Andika chini yake kwamba kuna mteja alikuta mchanga, ukamshukuru, na hii ndiyo kazi iliyotokana na neno lake. Nimeona wauzaji wa vyakula wakiogopa kuonyesha maji machafu, na naelewa hofu yao. Lakini maji yale machafu ndiyo uthibitisho kwamba uchafu umebaki kwenye beseni, na chini ya video kama hiyo watu huandika sentensi nzima: wapo wanaouliza kama waoshe tena nyumbani, wapo wanaoeleza bibi zao walivyokuwa wakianika mboga, wapo wanaouliza chekeche unanunua wapi. Wajibu wote. Hata yule wa chekeche, ambaye huenda ni mshindani wako kesho, mjibu.

Maoni ya kufuta yapo: matusi, ulaghai wa watu wanaotangaza mikopo ya uongo chini ya chapisho lako, na yanayomtaja mtu mwingine kwa ubaya. Malalamiko ya kweli hayamo humo.

Katika hayo maswali ya watu, chunga moja. Utaulizwa kama zabibu zinatibu upungufu wa damu, presha au kitu kingine. Usiahidi tiba. Sema ni chakula, mwelekeze kituo cha afya, uendelee na mengine. Na kwa kuwa chakula kiko chini ya usimamizi wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kama umeshasajili jengo na bidhaa, basi tarehe ya kuisha muda na alama yako vionekane kwenye picha, swali la "mmethibitishwa?" litakuja mara nyingi, na jibu lake likiwa tayari kwenye pakiti utapumzika.

Kuhusu kuposti kila siku, ningekushauri upunguze. Picha ya pakiti ileile na namba ya simu, siku 500 mfululizo, haimpi mtu la kusema. Machapisho matatu kwa wiki yanatosha, na muda uliookoa uupeleke kwenye kujibu. Lisaa limoja la kwanza baada ya kuweka chapisho usiliache. Kaa na simu, kila anayeandika mjibu akiwa bado yupo mtandaoni, kwa kuwa hapo ndipo mazungumzo huenda mbele na nyuma mara tatu nne. Ukiweka chapisho saa nne asubuhi kisha ukaenda kuanika hadi jioni, umelizaa na kulitelekeza. Chagua saa ambayo mikono yako ni mikavu. Kwa wateja wa ofisini, saa ya chakula cha mchana inafaa. Kwa wanafunzi wa UDOM, usiku. Jaribu zote mbili kwa wiki kadhaa, utaona mwenyewe.

Na mambo ya kuweka hayatakuishia, kwa sababu umekaa katikati ya zao ambalo nchi nzima inalihusisha na mkoa huu. Zabibu hapa huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Ule wa mwanzoni mwa mwaka unakutana na mvua, na mwanikaji anahangaika. Ule wa Agosti na Septemba unakuta jua kavu, na kazi inakwenda. Mtu wa Dar es Salaam hajui hilo. Mwonyeshe wingu likikusanyika na wewe ukikimbiza chekeche ndani. Atakuandikia, maana hapo anaona jasho la mtu. Uliza watu maswali wanayoyajua kuliko wewe: pilau lao wanaweka zabibu wakati gani, kabla ya wali kuiva au baada? Ukiuliza hivyo utashangaa watu watakavyobishana kwa furaha, na kila anayebishana analisogeza chapisho lako kwa wengine.

Ifuate pia kalenda ya mji. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linajaza Dodoma wageni, na mgeni anataka kitu cha kupeleka nyumbani. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, watu huja asubuhi na kurudi jioni, nao hawana nafasi ya kuzunguka sokoni. Chapisho linalosema, "Unarudi Dar kwa treni ya jioni? Niambie saa yako, nitakuletea stesheni," ni mwaliko ambao mtu anaweza kuujibu kwa neno moja. Ramadhani nayo ina mapishi yake, na Krismasi ina keki zake.

Usibaki ukurasani kwako tu. Kila siku tenga dakika kumi na tano utembelee kurasa za wenzako: mwoka keki wa Area D, mpishi wa shughuli wa Nkuhungu, muuza asali wa Manyoni. Soma alichokiandika, kisha andika jambo linalohusu kazi yake. Mwoka keki akionyesha keki ya matunda, mwulize kama analoweka zabibu kwenye juisi au kwenye maji ya moto, na umweleze unachokijua kuhusu zabibu zisizonyonya vizuri. Usiweke bei yako hapo, wala namba yako. Mtu aendaye harusini kwa jirani akiwa na bidhaa zake mkononi, mwaka wa pili haalikwi. Wafuasi wa yule mwoka keki wataona jina lako, wataona unajua unachokisema, na baadhi watabonyeza. Hao ni watu wa Dodoma, wanaopenda keki, walio umbali wa bodaboda kutoka kwako. Kumi kati yao ni bora kwako kuliko 10,000 wa yule kijana.

Sasa WhatsApp, kwa sababu Instagram ni mahali pa kukutana, ila mauzo mengi ya mji huu hukamilikia WhatsApp. Kama bado unatumia ya kawaida, hamia WhatsApp Business, ambayo ipo tangu Januari 2018 na haina malipo. Humo utapanga orodha ya bidhaa zenye picha na bei, na utahifadhi majibu ya maswali yanayorudiwa ili usiandike upya kila mara; ila jibu la kuhifadhiwa lianze kwa jina la mtu, uliongeze kwa mkono wako. Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi inachukua watu hadi 256, na ujumbe huo unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wauzaji wengi hutuma kwa watu 200 na wakapata wanne, kisha wakasema wateja hawana shukrani, kumbe ujumbe haukufika. Kwa hiyo unapokabidhi pakiti, mwambie mteja kwa mdomo wako: "Hifadhi namba yangu kwa jina la Zabibu Ipagala, nikivuna nikuambie kabla sijaposti." Hapo umempa sababu. Na utimize, wao wajue kwanza.

Usimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza, na ukitaka kuonyesha sifa ulizopewa na mteja, ficha jina, picha na namba yake au umwombe ruhusa. Hii ni heshima, na pia ni sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na duka dogo nalo linashika taarifa za watu.

Utajuaje kama unaendelea? Chukua daftari la kawaida, kila Jumapili jioni uandike namba nne: watu wangapi wameandika sentensi yenye zaidi ya neno moja, wangapi wameuliza bei, wangapi kati yao wamenunua, na wangapi wamerudi kununua mara ya pili. Idadi ya wafuasi iache isogee yenyewe, usiitazame kila asubuhi. Wiki za kwanza namba zitakuwa ndogo za kukatisha tamaa, pengine tatu, mbili, moja na sifuri. Endelea. Wale walioulizia bei wakijibiwa na kununua, ndio watakaokuwa wa kwanza kuwajibu wageni kwa niaba yako: "Mimi nimenunua, ni nzuri, hata boda alifika mapema." Siku utakapoiona sentensi kama hiyo ikiandikwa na mtu asiye ndugu yako, ibandike juu ya maoni mengine, Instagram inaruhusu kubandika hadi matatu.

Hapo ndipo ushauri wa wifi yako unapopata nafasi yake, na naomba umfikishie kwamba hakukosea ila amewahi. Tangazo la kulipia humleta mtu mlangoni, na anayefika akakuta mlangoni hakuna anayeitikia anarudi. Ukishapata chapisho ambalo watu wamelizungumzia lenyewe bila kulipiwa, yale maji ya beseni kwa mfano, ndilo ulilipie, kwa kiasi kidogo, na uchague lionekane kwa watu walio Dodoma peke yake. Kulipia picha ya pakiti ambayo hata ndugu zako wameipita ni kununua kimya kwa watu wengi zaidi.

Ile 60,000 basi, igawe: neti ya kufunika chekeche, kishikio cha simu ili mikono yako miwili ionekane ikifanya kazi, na bando la mwezi la kujibia watu. Kinachobaki ni pakiti mbili tatu za bure.

Moja kati ya hizo ina mwenyewe tayari. Kabla hujaweka chapisho lingine lolote, mtafute yule mteja wa mchanga. Umefuta maoni yake lakini jina lake unalikumbuka, au utalikuta kwenye oda za mwezi uliopita. Mwandikie hivi: "Kaka, ni mimi wa zabibu. Uliniambia kuna mchanga nikakufuta, nikakosea. Nimerekebisha uanikaji, na ningependa nikuletee pakiti nyingine bila malipo, uitazame wewe mwenyewe. Unapatikana wapi kesho?" Kisha uipeleke wewe, usimtume bodaboda.